Pale Wimbo Uliporuka

Shida zangu zilianza mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alipofariki pale kwetu Ganda nami nikatolewa darasa la tatu kwenda kupalilia mahindi ya watu. Hiyo si aibu, na sitaki mtu anionee huruma, maana wale niliowaacha darasani wakiimba alfabeti, wengine wao leo huja mlangoni kwangu na kofia mkononi. Aibu yangu ni nyingine. Hiyo ilikuja miaka kumi na mitano baadaye, niliitafuta mwenyewe, nikaishonea suti nyeupe, nikaipandisha jukwaani saa kumi alasiri mbele ya watalii, weita, wapishi, meneja na mama yangu mzazi. Kwa miaka mingi mtu akiugusia mkasa ule nilikuwa nanyanyuka nakwenda kukaa kwingine. Sasa nimezeeka, waliokuwepo wengi wamekufa, na waliobaki wanausimulia vibaya, wananiongezea hata vitu nisivyofanya, basi afadhali niuseme mimi mwenyewe.

Mnazijua nyimbo za filamu za majasusi? Hamzijui, ninyi mnatazama sinema kwenye simu mkiwa chooni. Zamani filamu ya jasusi haikuanza mpaka iimbwe. Kwanza unaonyeshwa kisa kidogo, mtu anasukumwa kutoka kwenye ndege au gari linatumbukia baharini, halafu ghafla hayo yote yanaachwa, pazia zima linajaa vivuli vya wanawake wanaoelea kama nguo kwenye beseni, na juu yao mwimbaji analia. Analia kweli. Hawa waimbaji hawakuimba kama watu waliokula wakashiba, waliimba kama waliobanwa kidole na mlango wa gari, na nyuma yao tarumbeta ishirini zinawasaidia kulia. Na ajabu yenyewe ni hii: huyo jasusi kazi yake ni ya siri, asijulikane anakuja wala anakwenda, lakini ana wimbo wake! Hebu niambieni, ni mpelelezi gani wa siri anayetangulizwa na tarumbeta ishirini?

Nilizicheka nyimbo hizo, na ndizo zilizonilisha.

Mwaka huo wa themanini na nne nilikuwa mwimbaji na mkubwa wa bendi ya watu sita katika hoteli moja ya watalii hapa Malindi. Tulipiga wakati wa chai ya alasiri, watalii wakiwa wekundu kama kamba waliochemshwa, wamekaa na keki zao chini ya makuti. Nilikuwa na sauti, hilo sitalificha. Nilichokuwa sina ni Kizungu. Darasa la tatu lilinipa salamu, siku za wiki na neno “Yesi”, basi, na nyimbo walizozitaka wageni zote ni za Kizungu. Dawa yake ilikuwa sinema. Mimi na Charo, mpiga dramu wetu, tulikuwa tunaingia sinema ya mjini, tunakaa viti vya mbele vya bei ya chini, tunasikiliza wimbo wa mwanzo, na ukiisha tu tunatoka. Charo anachukua mapigo, mimi nachukua maneno, mstari mmoja kila siku, siyo kwa maana bali kwa sauti, kama mtu anayebeba maji kwa viganja asimwage. (Filamu zenyewe sikuzitazama. Mpaka leo sijui yule jasusi alikuwa anatafuta nini.) Kizungu nilichokiimba hakuna Mzungu aliyekijua, lakini kilikuwa na umbo la Kizungu, na watalii wakishakunywa bia mbili hawaulizi.

Sasa ikaja filamu moja ambayo wimbo wake uliushika mji mzima. Weita aliuimba akibeba trei, fundi baiskeli aliuimba akiziba pancha. Nikasema lazima bendi yangu iwe nao. Tukaenda sinema siku kumi na mbili mfululizo. Na wimbo huo ulikuwa na mahali pagumu: katikati ya ubeti wa pili, mwimbaji amepanda juu kabisa, anaanza neno, hajalimaliza, mara “tak!”, na wimbo mzima unaruka, uko kwingine kabisa, tarumbeta ziko chini, yeye mwenyewe sasa ananong'ona. Pale palitutesa wiki mbili. Watu sita kukata pamoja katikati ya neno na kudondokea pamoja upande wa pili si mchezo. Charo alitafuta ile “tak!” kwenye kila kitu, kwenye ukingo wa dramu, kwenye chupa, mwisho akaipata kwa kugonga kijiti cha dramu juu ya debe la biskuti. Siku tuliyoipata tulikumbatiana.

Ni mmoja tu hakukumbatia mtu. Huyo ni Wafula, mpiga tarumbeta, mtu wa bara, ametuzidi wote umri, alijifunza tarumbeta na Kizungu kanisani kwao na alikuwa anasoma muziki kwenye karatasi kama mnavyosoma gazeti. Akafuta tarumbeta yake, akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha bara:

“Kazungu, hiyo wimbo iko na mahali imekatwa.”

“Imekatwa na nani?”

“Mimi sijui. Lakini hakuna mtu anatunga hivyo. Mtu hawezi acha neno katikati aende zake.”

“Mzee Wafula,” nikamwambia, “wewe umezoea nyimbo za kanisani, zinakwenda polepole kama ng'ombe wa maziwa. Huu ni wimbo wa kijasusi. Unashtua. Ndiyo kazi yake.”

Wenzangu wakacheka. Wafula akasema, “Sawa, mkubwa,” akaweka tarumbeta yake kwenye sanduku. Nilimwona mshamba. Mimi, niliyekuwa naimba maneno nisiyoyajua maana, nilimwona yeye mshamba.

Tulipoupiga mara ya kwanza pale hotelini, weita walipiga makofi pale kwenye mruko, maana ndivyo walivyoujua.

Basi, siku moja nikaitwa ofisini kwa meneja. Meneja wetu alikuwa Mtaliano, sisi tulimwita Bwana Saa, kwa sababu alikuwa hawezi kuongea na mtu bila kuitazama saa yake, hata kwenye mazishi ya mpishi wetu aliitazama. Akanionyesha picha katika kitabu cha matangazo: mashine ya disko, taa za rangi, spika kubwa kama makabati.

“Kazungu, mashine hii haili,” akasema. “Haiugui. Haiendi matanga Ganda.”

Nikaitazama tena ile picha.

“Msimu unaanza. Mimi nachagua Jumapili. Bendi ama mashine. Watu wakijaa, bendi. Watu wasipojaa,” akaitazama saa, “mashine.”

Watu sita, na nyuma ya kila mtu nyumba. Charo mkewe alikuwa mjamzito. Mimi nilikuwa nimeapa tangu utotoni kwamba sitashika tena jembe la mtu mwingine. Kisha akaniuliza, tena kwa mdomo tu, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha:

“Ule wimbo wa jasusi, watu wanaupenda. Uliujulia wapi?”

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema “sinema”, mambo yangekwisha. Nikasema neno moja tu.

“Nilikuwepo.”

“Wapi?”

“Ulipoimbwa. Niliitikia.”

Bwana Saa hakuitazama saa. Ndiyo siku pekee. Aliniangalia mimi usoni, akatabasamu, akapiga simu kwa mchoraji wa mabango wa mtaa wa Barani.

Kesho yake nafika kazini naona langoni bango refu kuliko mimi, limechorwa mtu mweusi mwenye bastola mkono mmoja na maikrofoni mkono wa pili, pua yangu ile ile, na maneno ya Kizungu ambayo ilibidi nimwulize askari wa lango. Akanisomea: njoni Jumapili mumsikie mwimbaji wa wimbo wa filamu ya jasusi, ana kwa ana. Si mwitikiaji tena, mwimbaji! Na karatasi ndogo zenye picha hiyo hiyo zimepelekwa kila hoteli ya ufuo mzima. Nilipaswa kuingia ofisini nikasema Bwana, punguza. Badala yake nikauliza kama naweza kupata vitambaa vya meza vilivyozeeka nikashone suti nyeupe. (Nikapewa. Kimoja kilikuwa na doa la mvinyo, fundi akalificha kwapani, ikawa nikinyoosha mkono linaonekana.)

Uwongo una njaa, kila siku unataka kula. Weita wananiuliza, Kazungu, Ulaya ulikwenda lini? Nasema nilikwenda kwa ndege, mara moja, haraka. Kulikuwaje? Baridi. Mlikula nini? Viazi. Mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Mombasa kununua ngozi ya ngoma! Mpaka Charo, tuliyekaa naye bega kwa bega sinema siku kumi na mbili, akaanza kuniuliza kwa heshima kama Ulaya wana debe la biskuti kama letu.

Maneno yakafika Ganda kabla yangu. Ijumaa nikaenda kumwona mama, nakuta amekaa anafikicha mahindi, hakuinua macho.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Naambiwa ulikwenda Ulaya ukarudi bila kuniaga.”

“Ni maneno ya kazi, Mama.”

Mama yangu alikuwa ngui, kiongozi wa nyimbo kwenye vilio, aliitwa mpaka vijiji vya mbali. Na hao kina mama wa kilio wana sheria yao: huanzi wimbo wa mtu kabla hujamtaja mwenyewe aliyeutunga, hata awe amekufa zamani. “Huu ni wa fulani binti fulani, mimi nauazima.” Ndipo uimbe. Usipotaja, akina mama wanakaa kimya, hawaitikii, unabaki unaimba peke yako mbele ya maiti.

“Huo wimbo ni wa nani?” akaniuliza.

“Wa Wazungu.”

“Mzungu gani?”

“Mama, Wazungu ni wengi.”

“Wengi hawatungi wimbo, Kazungu. Wimbo hutungwa na mtu. Ana jina, na waliomwitikia wana majina. Ukisimama uwataje.”

“Mama, ile ni hoteli. Si kilio.”

Akafikicha gunzi lake akalitupa. “Nitakuja nisikilize,” akasema.

Jumapili ikafika. Sijapata kuona chai iliyojaa vile. Watalii walitoka hoteli zote, viti vikaisha, wengine wakakaa kwenye ukuta wa maua. Wapishi walitoka jikoni. Bwana Saa alisimama karibu na nguzo akihesabu vichwa kwa kidole. Mama yangu akaja amevaa hando lake jeupe, ile sketi ya marinda ya kina mama wa kwetu, miguu ina vumbi la Ganda, na mimi, Mungu anisamehe, niliona haya. Nilimwambia askari amketishe kule mlango wa jikoni. Mimi na suti ya vitambaa vya meza nilimwonea haya yeye na nguo yake ya asili.

Nikapanda jukwaani na miwani ya jua na bastola ya plastiki. Sikumtaja mtu. Nikasema “Jasusi Kazungu!” nikalenga bastola juu, Charo akagonga, tarumbeta ya Wafula ikalia, tukaanza.

Tulipomaliza ubeti wa kwanza naona Mzungu mmoja mwanamke anakuja mbele, mnene, wa makamo, kofia ya ukili, kanga ameifunga vibaya, mkononi ana ile karatasi yenye picha yangu. Anacheka. Nikafikiri amekuja kunitunza, maana huku kwetu mwimbaji akikugusa unapanda ukamtunza, nikainamisha kichwa anibandike noti. Hakunibandika kitu. Alishika maikrofoni yangu, bendi ikanyamaza, akaniuliza jambo kwa Kizungu, polepole, kwa furaha.

Sasa mngefanya nini? Watu mia mbili wananitazama.

“Yesi,” nikasema.

Akapiga makofi. Akauliza la pili. “Yesi.” Akauliza la tatu, refu, akinyoosha vidole vitatu na kujigusa kifua. Nikaona hapa nikaze.

“Yesi, yesi!”

Watalii wakaanguka kicheko. Mmoja alimwaga chai. Nami nikacheka, nikijua nimesema jambo zuri. Ndipo nikahisi mdomo wa Wafula sikioni kwangu.

“Kazungu. Amekuuliza kama kweli uliimba kwa hiyo rekodi. Ukasema ndiyo. Akauliza, ni ile kanisa kuukuu mlirekodia, paa ikivuja? Ukasema ndiyo. Akasema basi mnajuana, kwa sababu waitikiaji walikuwa watatu tu, yeye ndiye alikuwa wa tatu kutoka kushoto, na wote walikuwa wanawake.” Akavuta pumzi. “Na hiyo pia umesema ndiyo.”

Miguu ilitaka kuondoka, suti ikabaki. Lakini yule mama wa Kizungu hakuwa na ubaya. Alidhani ni mzaha wangu wa jukwaani, akaupenda. Akaniashiria: haya, tuimbe, wewe mbele, mimi niitikie kama siku ile. Nikamwambia Charo apige. Nilifikiri nikiimba kwa nguvu, aibu itafunikwa.

Na tuliimba, jamani. Sauti yake ilipoingia chini ya yangu ilikuwa kama mtu ameniwekea mto kichwani. Tukapanda ubeti wa pili, tukapanda, yeye amefumba macho, amenyanyua mikono yote miwili, mdomo wazi kwenye lile neno refu, na sisi: “tak!” Tukaruka. Watu sita tumeshadondokea ng'ambo tunanong'ona, na yule mama amebaki kule juu peke yake, mikono hewani, kama mtu aliyepanda ngazi ikaondolewa.

Akafumbua macho. Akaomba radhi, alidhani kosa ni lake! Akaomba turudie. Tukarudia. “Tak!” Akabaki tena. Mara ya tatu alisimama, akamtazama Charo na debe lake la biskuti, akauliza kitu kwa upole.

“Anauliza kwa nini tunafanya hivyo,” akasema Wafula.

“Mwambie ndivyo tulivyorekodi.”

“Kazungu, yeye alikuwa huko.”

“Mwambie ndivyo wimbo ulivyo!”

Na kabla Wafula hajafungua kinywa, weita na wapishi wakanitetea, na kheri wangeninyamazia. “Ndivyo ulivyo!” wakapiga kelele. “Hata sinema ndivyo ulivyo!” Mpishi mkuu akaja na upawa mkononi mpaka mbele ya jukwaa. “Mama, wewe ndiye hujui! Sisi tumeusikia hapa hapa mjini, mara ishirini! Ukifika pale, tak, unaruka!” Na wote wakaimba pamoja, weita, wapishi, watunza maua, wakafika pale, wakapiga “tak!” kwa ulimi, wakaruka safi kabisa, mji mzima.

Wafula hakuhitaji kunisaliti. Alimweleza tu yule mama maneno machache, akionyesha mkasi kwa vidole viwili, halafu anaunganisha. Filamu ile ilikuwa imezunguka miji yote kabla ya kufika kwetu, imekatika, fundi wa mashine ameiunga kama suruali ya mwashi, na kipande cha wimbo kimetupwa. “Tak!” ilikuwa ni kiungo kinapita kwenye mashine. Sisi, wanaume wazima, tulifanya mazoezi wiki mbili ya kupiga tundu la filamu. Na mimi niliyesema nilikuwepo ulipoimbwa, nilikuwepo kiti cha mbele, sinema ya Malindi.

Watalii walipoelewa hawakucheka kwa kishindo kama mwanzo. Walicheka kidogo kidogo, wakifunika mdomo, na hicho ndicho kicheko kibaya. Bwana Saa aliitazama saa.

Yule mama wala hakunitazama. Alirudi kwenye maikrofoni, akaimba peke yake kile kipande tulichokuwa hatujawahi kukisikia. Bila ngoma, bila gitaa. Lile neno akalimaliza. Kumbe baada yake palikuwa na mistari minne mizima, na ndiyo iliyokuwa moyo wa wimbo, pale mwimbaji anaacha kulia na kuwa kama anaongea na mtu chumbani. Mstari wa tatu tarumbeta ya Wafula ikamfuata, chini, polepole, kama ng'ombe wa maziwa, ndiyo, na ikakaa mahali pake kana kwamba ilikuwa inamngoja. Wapishi waliacha kutafuna. Mpishi mkuu alishusha upawa.

Ndipo ikatoka sauti mlango wa jikoni.

“Kazungu! Huyo ndiye mwenye wimbo. Mtaje!”

Mama yangu alikuwa amesimama. Watu wote waligeuka wakamtazama, kisha wakanigeukia mimi. Na nikaona, hapa pana nafasi ya kujiokoa, nafanya kama walivyofanya wazee wetu, naonekana mtu. Nikashika maikrofoni. Nikanyoosha mkono kumwonyesha (lile doa la mvinyo likatokea).

“Wimbo huu,” nikasema, “ni wa... ni wa...”

Sikuwa na jina. Nimesimama naye jukwaani, nimeimba naye mara tatu, nimemjibu yesi nne, sikumwuliza jina. Aliyeimba mbele kwenye rekodi sikumjua, aliyetunga sikumjua, wapiga tarumbeta ishirini sikumjua hata mmoja. Nikabaki na “ni wa” mdomoni, neno nimelianza sikulimaliza, na safari hii hapakuwa na “tak” ya kunirusha upande wa pili.

“Kaa chini,” akasema mama.

Nikashuka.

Yule mama wa Kizungu alibaki juu. Alimwuliza Wafula jina lake, akalitangaza. Akamwuliza Charo, akalitangaza. Gitaa, besi, mpiga tumba, kila mmoja jina lake kwenye maikrofoni na watu wakampigia makofi, na nikiwa nimesimama kando ya jagi la maji nikatambua kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa sijawahi kuwatangaza wale watu. Nilikuwa nasema “Kazungu na bendi”.

Bwana Saa alinijia baada ya chai. Hakunitukana. “Bendi inabaki,” akasema. “Mkubwa ni Wafula. Jasusi,” akaitazama saa yake, “aende.” Charo alitaka kunisemea, nikamkataza, mkewe alikuwa mjamzito. Nikatembea na mama mpaka Ganda kwa miguu, mimi na suti nyeupe, watoto wakipiga “tak!” kila tulipopita. Tulipokaribia nyumbani mama alisema, “Yule mwanamke anajua kulia,” na kwa mama yangu hakuna sifa iliyozidi hiyo.

Jembe la mtu sikulishika. Niliuza gitaa langu la mazoezi ya nyumbani nikanunua viti ishirini na nne vya mbao nikaanza kukodisha harusi na matanga, nikivibeba mwenyewe kwa mkokoteni kutoka Muyeye mpaka Ganda, watu wakinicheka: Jasusi amekuwa mchukuzi wa viti. Wacheke. Wengi wao walikalia viti vyangu wakinicheka, na walivilipia.

Msimu uliofuata Wafula alinitembelea na kifurushi kilichotumwa hotelini kwa jina la bendi. Ndani mna santuri ya wimbo ule. Juu ya jalada jina la mwimbaji limeandikwa kubwa kama la duka, na jina la filamu, basi. Wale watatu hawamo. Tarumbeta ishirini hazimo. Na nyuma yule mama wa Kizungu ameandika kwa kalamu, Wafula akanisomea: “Kutoka kwa sauti ya tatu kushoto.” Naye pia hakuandika jina. Wafula alisema, hii ni yako, sisi tunaujua wimbo sasa. Marehemu Wafula alikuwa mtu kunishinda, na sikumwambia alipokuwa hai.

Tangu siku ile sijapanda jukwaani na sitapanda. Na vyombo vya muziki ninavyokodisha siku hizi vina sharti, mshereheshaji akilikataa nang'oa waya mbele ya bwana harusi: kabla ya wimbo wa kwanza, kila anayepiga na kila anayeitikia atajwe jina lake. Vijana wananiona mzee msumbufu. Waone.

Leo nina nyumba ninayolala, Barani, ya matofali. Nina vyumba kumi vya kupangisha Muyeye. Nina ekari tano Ganda, mikorosho na minazi, na kaburi la mama lipo hapo hapo. Nina mahema sita, viti mia nne vya plastiki, spika nane, jenereta mbili na pikapu moja inayowaka bila kusukumwa. Nina wajukuu kumi na mmoja, wote wanasoma. Na nina hiyo santuri moja, imekwaruzika lakini haijakatika mahali. Huwa naipiga Jumapili alasiri, nimekaa peke yangu. Ikifika pale kwenye ubeti wa pili, neno linamalizika vizuri, mistari minne inafuata, hakuna kinachoruka. Anayeruka ni mimi, kwenye kiti changu.